Likizo ya Aciro kule Kyarumba

Aciro aliingia kazini Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Congo, kwa miezi mitatu, akakaa miaka kumi na mmoja. Hajji Abubaker, mwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha iliyotazamana na geti la mpaka, alikuwa akitafuta mtu wa kushika nafasi ya karani wake aliyekwenda kujifungua. Aciro alikuwa na shahada ya kilimo na rundo la barua za maombi ambazo hazijajibiwa. Karani alijifungua salama, akaamua kubaki nyumbani alee mtoto, na Aciro akabaki kwenye kile kiti.

Alikuwa hodari. Aliweza kujaza hati za lori zima la mchele huku akiongea Lhukonzo, lugha ya wenyeji, na mpagazi, Kiswahili na dereva, na Kifaransa cha kubahatisha na mfanyabiashara wa Butembo. Wacongo walimwita Madame Karatasi. Marlène, aliyevuka mpaka kila Jumanne na Ijumaa, siku za soko, hakukubali mtu mwingine aguse hati zake. Kama Aciro ametoka, yeye alikalia mizigo yake na kusubiri, hata mvua inyeshe.

Kila msimu magunia ya kahawa yalipita mbele ya meza yake. Aliandika uzito wake, akaandika yanakotoka na yanakokwenda, akagonga mhuri. Siku moja aligundua kwamba ameandika habari za kahawa kwa miaka minane na hajui hata ladha yake ikoje, kwa kuwa kwao walikunywa chai. Jambo hilo lilimkera. Mwaka 2012 akajiandikisha kwa shahada ya uzamili huko Fort Portal, masomo ya Jumamosi na Jumapili, juu ya ubora wa kahawa. Hajji alimruhusu kutoka mapema kila Ijumaa, na hakuwahi kumuuliza masomo yale yataishia wapi.

Yaliishia Oktoba 2014, kwa joho na kofia, na sherehe nyumbani kwao Bwera. Baba yake, Mzee Olanya, alivaa koti lake la kanisani tangu asubuhi ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa Mwacholi aliyekuja ujanani kuchimba shaba Kilembe, na mgodi ulipofungwa akahamia kiwanda cha saruji. Mkewe alikuwa ameshafariki. Aciro ndiye mtoto pekee aliyebaki naye, na jina hilo kwa lugha yao maana yake ni kwamba mama amevumilia. Siku ile mzee alimtambulisha kwa kila mgeni aliyeingia, pamoja na majirani waliomwona Aciro akikua.

Kila mgeni alipomaliza kumpongeza aliuliza swali lile lile: "Sasa utafanya kazi gani?"

Aciro alicheka na kuwaongezea wali. Hakumwambia yeyote kwamba kwenye mkoba wake kulikuwa na barua kutoka chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huko Kyarumba, milimani. Walikuwa wamesikia habari zake kwa mwalimu wake. Walimtaka awe mkuu wao wa ubora, aanze Januari, na awajibu kabla ya mwisho wa Novemba.

Barua hiyo ilimfurahisha kwa siku mbili. Siku ya tatu akaanza kuogopa.

Alijaribu kuelewa anaogopa nini. Pale Mpondwe hata mbwa wa getini walimjua. Kule Kyarumba angefika kwa watu waliolima kahawa tangu babu zao, yeye binti wa mchimba shaba, mgeni mwenye cheti. Alikuwa ameonja kahawa darasani, vikombe sita kwa wakati mmoja, mwalimu akiwa pembeni. Vipi akikosea mbele ya watu ambao wanakula na kusomesha watoto kwa zao hilo? Vipi akigundua kwamba anajua kuandika tu? Na Hajji je, aliyemvumilia Ijumaa zote hizo?

Aliandika barua ya kuacha kazi. Akaichana, akaandika nyingine. Akaandika barua ya kukataa kazi ya Kyarumba, nayo akaichana. Kufikia katikati ya Novemba alikuwa haonekani mgonjwa wala mzima. Chakula alikisukuma sahanini, na kazini, kwa mara ya kwanza, alianza kuharibu.

Ijumaa moja Marlène alirudi kutoka getini, kwa maofisa wa forodha, na hati zake mkononi, amezishika kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Aciro, mutoto yangu," alisema, "hii samaki ya kukauka iko wapi? Mimi niko na maharagwe. Bale ba douane banatafuta samaki ndani ya magunia yangu, hawaone kitu. Weye uko mugonjwa?"

Aciro alitazama. Kweli alikuwa ameandika samaki, tani mbili nzima. Aliomba radhi, akarekebisha. Marlène alimwangalia kwa makini, kisha akavuka kizingiti na kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma, kwa Hajji. Baada ya dakika chache Hajji alimwita Aciro.

Hajji Abubaker alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye alizungumza huku akipanga upya vitu vya mezani. Alisogeza kalamu, akasogeza gundi.

"Wiki hii umegonga mhuri juu chini mara nne," alisema. "Nikajiambia, huyu ama amependa mtu, ama amepata kazi. Ni kipi?"

Aciro alikaa kitini bila kukaribishwa. "Kazi, Hajji. Kyarumba. Lakini bado sijawajibu."

"Kwa nini?"

Alieleza yote, maneno yakimtoka kwa mkupuo, kuhusu babu za watu, vikombe sita na Ijumaa alizopewa. Hajji alimsikiliza hadi mwisho. Aliporudisha gundi mahali pake alisema, "Mimi sikukupa Ijumaa ili ukae hapa. Mtu hasomei kahawa miaka miwili ili aandike samaki." Aciro alitaka kucheka, akajizuia. "Lakini pia sikufukuzi. Una likizo hujaigusa tangu mwaka jana. Chukua wiki moja. Waambie wa Kyarumba unakwenda kuwatazama, na wao wakutazame. Ukirudi utakuwa unajua unachokiogopa. Sasa hivi unaogopa kitu ambacho hujakiona."

Jioni alimweleza baba yake wakiwa uani, mzee akichambua maharagwe kwenye ungo. Alidhani atashtuka, lakini mzee aliendelea kuchambua.

"Mgodi ulipofungwa sikuchagua mimi," alisema. "Kazi ndiyo iliniacha. Nilikuwa nimefanya kazi chini ya ardhi miaka kumi na tano. Nikaenda kwenye saruji, nje, mwangaza mtupu. Wiki ya kwanza nilitembea nimekunja uso kwa sababu ya jua, na wenzangu wakadhani nina hasira na kila mtu. Hakuna aliyenisalimia mpaka Alhamisi."

"Na uliogopa, Baba?"

"Sana. Mama yako ndiye alinifungia chakula na kunisukuma mlangoni." Alitupa kokoto. "Wewe unaitwa kwa barua. Nenda ukaone. Nitajifungia chakula mwenyewe."

Jumatatu Aciro alipanda bodaboda mpaka barabara ilipokuwa mbaya mno, kisha akatembea. Njia ilipanda kama ngazi. Wanawake waliobeba mizigo kichwani walimpita wakimsalimia, naye hakuwa na pumzi ya kuitikia. Juu, kwenye ghala la ushirika, alipokelewa na mwenyekiti, Mzee Kule, ambaye aliwahi kuwa jeshini na wote walimwita Afande. Alikuwa mrefu, mkavu, na maneno yake yalikuwa machache.

"Umefika. Keti. Kunywa maji."

Aciro aliketi, akanywa maji. Afande akamweleza tatizo. Msimu uliopita mnunuzi wa Kampala alikuwa ameikataa sehemu kubwa ya kahawa yao. Alisema ladha imeharibika, basi. Hakusema imeharibika vipi, na kwa kuwa kahawa ya wakulima wote ilikuwa imechanganywa ghalani, hakuna aliyejua ya nani ni mbovu. Wakulima walikuwa wameanza kutazamana vibaya.

"Tafuta," alisema Afande.

Kwa siku mbili Aciro alizunguka vilimani na kuchukua kahawa kidogo ya msimu ule iliyobaki nyumbani kwa kila mkulima, wakulima ishirini kwa jumla. Afande aliipa kila mfuko namba na kubaki na orodha mfukoni mwake, ili Aciro asijue ipi ni ya nani. Mashine ya kukaangia haikuwepo, kwa hiyo alikaanga kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, akikoroga na kuhesabu dakika kwa saa yake ya mkononi, hadi nguo zake zote zikanuka kahawa. Alhamisi asubuhi akapanga vikombe ishirini kwenye meza ndefu ghalani, akaweka unga wa kahawa katika kila kimoja, akamwagia maji ya moto.

Alikuwa ametarajia kuwa peke yake na Afande. Lakini habari zilikuwa zimepanda na kushuka vilima, na watu wapatao arobaini walikuja kuangalia, wengine wamebeba watoto, wengine majembe.

Kahawa huonjwa kwa kelele. Mtu huchota kijiko na kuivuta kwa nguvu ili isambae mdomoni mwote, kisha huitema ndooni. Aciro alikuwa amelelewa na mama ambaye angemchapa kofi kwa kelele kama hiyo mezani. Alivuta kijiko cha kwanza na sauti ikajaa ghala. Watoto waliangua kicheko. Alipotema, mzee mmoja nyuma alisema kwa Lhukonzo, "Anatema kahawa yetu." Wenzake wakamnyamazisha, lakini Aciro alikuwa ameshasikia.

Akavuta kikombe cha pili, cha tatu, cha nne. Ndipo akagundua kitu kibaya kuliko vyote alivyoviogopa. Hakusikia ladha yoyote. Ulimi ulikuwa mkavu kama karatasi ya hati zake, na kila kikombe kilikuwa maji ya moto tu. Alirudi cha kwanza. Maji ya moto.

Alikuwa na njia mbili za kuchagua. Angeweza kutaja namba zozote, na hakuna ambaye angejua, au angeweza kusema ukweli. Aliweka kijiko chini.

"Afande," alisema, "sisikii ladha. Nimeogopa mno, mdomo umekauka. Naomba nipumzike."

Kisha mwanamke mmoja wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana, alisimama mbele. Jina lake lilikuwa Mbambu, na shamba lake lilikuwa juu kabisa, karibu na mawingu.

"Huyu mutoto hajakula," aliwaambia wote kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Tangu asubuhi anakaanga tu. Nani alimupa chakula? Afande, ulimupa maji, si ndiyo?"

"Nilimpa maji," alikubali Afande.

Mbambu alimshika Aciro mkono na kumtoa nje, akamketisha kwenye mkeka nyuma ya ghala, akafungua kapu. Mlikuwa na ugali wa muhogo na kisamvu kilichopikwa na samaki wadogo. Wanawake wengine walikuja na mabakuli yao. Walikula pamoja, na Aciro, ambaye hakuwa amekula vizuri kwa wiki tatu, alikula mpaka akaona haya. Walimuuliza kama ameolewa, akasema bado. Walimuuliza kama ni kweli kule Mpondwe kuna mwanamke wa Congo anayekalia mizigo yake mvuani, akasema ni kweli, anaitwa Marlène, akawasimulia habari ya samaki tani mbili waliokuwa maharagwe. Mbambu alicheka hadi akashika ubavu.

Aliposuuza mdomo na kurudi mezani, alichemsha maji upya na kupanga vikombe upya. Akavuta kijiko cha kwanza.

Kilikuwa na utamu kama wa ndizi mbivu. Alifumba macho. Cha pili kilikuwa na uchachu mzuri, wa limau. Alijisikia kama mtu aliyewashiwa taa. Aliendelea bila kujali kelele yake, na alipofika kikombe cha saba alisimama. Moshi. Moshi mzito, wa kuni mbichi. Akaendelea. Cha kumi na nne, moshi tena, na cha kumi na tisa vilevile. Vingine vilikuwa safi.

Afande alivichanganya vikombe Aciro akiwa amegeukia ukutani, akamwambia arudie. Akavipata vyote vitatu. Vikachanganywa tena, akavipata tena.

"Saba, kumi na nne, kumi na tisa," alisema Aciro. "Zimeingia moshi."

Afande akatoa orodha, akavaa miwani. "Kumi na nne, Bwambale. Kumi na tisa, mjane wa Yosamu." Akakunja orodha. "Saba, Mbambu."

Aciro alitamani kurudi Mpondwe hata kwa miguu. Mbambu alikuwa amesimama, mikono kiunoni, kapu la chakula bado miguuni pake.

"Mimi nimekulisha," alisema polepole. "Halafu kahawa yangu iko mbaya? Watoto tano wamesoma na hiyo kahawa."

"Mama, kahawa yako ni nzuri," alisema Aciro. "Kuna kitu kimeingia juu yake baadaye. Siwezi kukuambia vingine, hata kama umenilisha." Kisha, bila kupanga, alichukua kijiko kingine, akakisuuza, akamnyooshea. "Njoo uonje mwenyewe. Hiki cha kwanza, halafu hiki chako."

Mbambu alikitazama kijiko. Katika miaka yote ya kuchuma, kumenya na kubeba, hakuwa amewahi kunywa kahawa yake. Hakuna aliyekuwa amewahi kuinywa pale. Iliuzwa, ikaondoka. Alichota kikombe cha kwanza na kuvuta kama alivyomwona Aciro akivuta, kwa kelele kubwa zaidi. Nyusi zikapanda. Akachota cha saba, akavuta, akavuta tena. Watu wote walimtazama mdomoni.

"Hii," alisema hatimaye, "ni jiko yangu."

Ghala lilipasuka kwa kicheko, naye Mbambu akacheka kuliko wote. Ikawa wazi. Mvua za msimu ule zilikuwa nyingi, na waliokosa pa kuanika waliikausha kahawa darini, juu ya moto wa kupikia. Yeye, Bwambale na mjane wa Yosamu walikuwa wamefanya hivyo, na wala hawakujificha, kwani hakuna aliyewaambia kwamba kahawa hunywa moshi. Mzee yule aliyelalamika kuhusu kutemwa kwa kahawa alikuja mbele na kudai kijiko. Baada yake kila mtu alitaka. Mchana huo Aciro alikaanga mara tatu zaidi, na watu wa Kyarumba walionja kahawa yao wenyewe, wakivuta kwa vishindo, wakibishana ya nani ina asali na ya nani ina limau. Mbambu hakukosea hata mara moja. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wa Aciro, na Aciro alimwambia hivyo mbele ya wote.

Jumamosi alipokuwa akishuka, Afande alimsindikiza hadi bodaboda. "Unarudi Januari," alisema. Lilikuwa kama agizo, lakini aliinua nyusi, na Aciro akaelewa kwamba ni swali.

"Narudi," alisema.

Jumatatu aliandika barua ya kuacha kazi mara moja tu, bila kuichana. Hajji aliisoma, akaiweka katikati ya meza, na kwa mara ya kwanza hakusogeza kitu. "Umenifundisha kusoma sura yako," alisema. "Sasa nitafundishwa ya nani?" Mwezi wote wa Desemba Aciro alimfundisha karani mpya, Laurentine, binti kutoka mji wa Beni, ng'ambo ya mpaka, mwenye mwandiko mzuri na Kifaransa cha kweli.

Ijumaa ya mwisho ya Aciro, Marlène alivuka na kitenge kipya amekikunja chini ya kwapa. "Unatuacha," alisema. "Nani ataandika makaratasi yangu? Huyu mutoto anajua maharagwe?"

"Anajua, mama Marlène. Nimempima."

Marlène alimtia kitenge mabegani, akamzungusha mara moja kumtazama, na wapagazi wakapiga makofi. Kisha akaenda kukaa mbele ya Laurentine na kuanza kumhoji kuhusu maharagwe.

Aciro alianza Kyarumba Januari 2015. Mwaka huo walijenga vichanja vya kuanikia vyenye paa la nailoni, kila kilima na chake, na mnunuzi akaichukua kahawa yote. Jumamosi alishuka Bwera kumwona baba yake, ambaye alikuwa amejifunza kupika kwa kiwango cha kuvumilika. Uoga haukumwisha kabisa. Kila msimu ulipoanza ulimtembelea asubuhi ya kwanza, naye alijua dawa yake, akaenda nyuma ya ghala kula na wanawake kwanza.

Kundi la waonjaji lilikua hadi watu tisa, Mbambu akiwa kiongozi. Mwaka 2017 alikuja mnunuzi mpya, kijana wa mjini, nadhifu, mwenye shati jeupe. Alivuta kijiko cha kikombe cha tatu, akafumba macho na kutangaza kwamba amepata harufu ya maua, waridi hasa, jambo la nadra sana. Aliandika kwenye daftari lake. Aciro alionja, hakuona waridi, akamtazama Mbambu.

Mbambu alivuta kijiko, akafikiri, akamsogelea yule kijana na kunusa karibu na kola yake.

"Baba," alisema kwa upole, "maua iko kwa shingo yako. Enda unawe, uonje tena."

Kijana alisimama akiwa haelewi, kisha akakumbuka manukato aliyojipaka, akacheka kwa aibu na kwenda bombani. Aliporudi na shingo iliyolowa alionja upya, polepole, na kusema sasa anapata asali. "Ndiyo," alisema Mbambu, "hiyo andika." Aciro alikuwa amegeukia dirishani, mabega yakimtikisika, na Afande Kule, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka kazini, alitoka nje akisema anakwenda kuangalia mvua, ingawa jua lilikuwa likiwaka juu ya vichanja vyote.